Kuvu Kwenye Koo la Kipaza

Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa, fundi cherehani huyu hakuwahi kusema kinagaubaga mkewe anafanya kazi gani. Mteja akimuuliza, "Mama watoto yuko wapi siku hizi?" alijibu kwa mkato, "Yuko hospitali, anapima," kisha akarudisha macho kwenye mkasi. Anapima nini, hakusema. Moyoni alikuwa akiona haya kidogo. Mkewe alikuwa mtu wa makohozi. Kutwa nzima vilipita mikononi mwake vichupa vya makohozi, usaha na mkojo wa watu asiowajua, na katika uchafu wote huo alichokipenda kuliko vyote ni kuvu. Pale hospitali walimbandika jina la Bi Kuvu. Aliliitikia bila kinyongo, tena kwa tabasamu, kana kwamba ndilo alilopewa na mama yake.

Kwenye shughuli za familia jina hilo halikukosa wa kulichezea. Dada mkubwa wa fundi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na kila mtu, hata ndugu zake wa tumbo moja, alimwita Mwalimu. "Wifi, leo uyoga umeota?" angeuliza mbele ya wageni, na watu wakavunjika mbavu. Bi Kuvu alicheka nao. Fundi naye alicheka, tena kwa sauti, na kicheko hicho ndicho alichokuja kukijutia.

Kitinda mimba wao alikuwa Kipaza, mshereheshaji wa harusi. Alikuwa na sauti nene ya kubembeleza. Akishika kipaza sauti, hata shangazi aliyekuja amenuna alijikuta yuko katikati ya uwanja anacheza. Mamia ya maharusi walikuwa wamepita chini ya maneno yake matamu, ila yeye mwenyewe ndoa ilimpitia mbali. "Nikioa mimi, nani atasherehesha?" Hicho ndicho kilichokuwa kisingizio chake mwaka hadi mwaka, mpaka watu wakachoka kumuuliza.

Mama yao alifariki fundi akiwa na miaka kumi na mmoja, Kipaza akiwa na minne. Mwalimu, wakati huo binti wa miaka ishirini, aliwabeba wote wawili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, akawalea mpaka wakasimama. Ndiyo maana fundi, mtu mzima wa miaka hamsini na moja mwenye mvi zake, alikuwa hajawahi hata siku moja kumwambia dada yake "hapana".

Basi Kipaza akapata mafua. Mafua gani yamlaze mtu kama yeye! Akasherehesha harusi ya kwanza anakohoa, ya pili anatetemeka kwa homa, na ya tatu akaanguka palepale jukwaani kabla keki haijakatwa. Hospitali walisema ni nimonia kali, mapafu yote mawili. Siku hiyohiyo akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi, akalazwa usingizi kwa dawa, mpira ukapitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, mashine ikaanza kupumua kwa niaba yake. Kwa kuwa hakuwa na mke, kaka yake ndiye aliyesaini karatasi.

Siku kumi za kwanza zilikuwa za kukaa roho juu, lakini mapafu yakaanza kufunguka. Wauguzi wakaanza kutabasamu. Siku ya kumi na moja homa ikarudi, kali kuliko ile ya mwanzo.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili, daktari wa chumba kile aliwaita ndugu kwenye korido, mahali penye benchi mbili na kidumu cha maji ya kunywa. Alikuwa kijana mstaarabu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kalamu tatu zimejipanga mfukoni.

"Tumevuta makohozi kutoka kwenye mpira wa kupumulia," alisema. "Maabara wameyaotesha kwenye visahani kuona kama yana vijidudu, na wamekuta fangasi."

"Fangasi!" Mwalimu alishika kifua. "Kwenye mapafu?"

"Kwenye njia ya hewa, mama. Homa imerudi, na dawa za bakteria anazotumia ni zilezile nzito tulizoanza nazo. Kwa hiyo ninafikiria kumwanzishia dawa ya fangasi kwa dripu. Niwe mkweli kwenu, ni dawa kali, na figo zake tayari zimechoka. Inaweza kuzimaliza. Lakini kama fangasi ndio wanaomchoma, hatuna budi."

"Sasa tunangoja nini?" Mwalimu aliuliza. "Mdudu ameonekana, dawa ipo. Mpe dawa."

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia ndiyo, kama alivyozoea, aliposikia viatu vya mpira vinapanda ngazi. Alikuwa mkewe, koti jeupe limempwaya mabegani, karatasi mbili mkononi. Katika miaka yote ile ya kazi ya maabara huko chini, ni mara chache mno alipanda huku juu. Aliwasalimia kwanza, akampa wifi yake shikamoo, ndipo akamgeukia daktari.

"Daktari, kabla sijasema lolote, ujue mgonjwa huyu ni shemeji yangu. Kwa sababu hiyo sikujiamini peke yangu. Jana nilimpa mwenzangu kioo chenye makohozi yake akisome kwenye hadubini bila jina, asijue ni cha nani. Karatasi yake hii, na yangu hii. Tumeandika kitu kimoja."

Daktari alizipokea, akazisoma akiwa amesimama. "Mmeandika kuvu ipo."

"Ipo. Soma mstari wa chini."

"'Inaelekea imekaa tu, haijashambulia.'" Aliinua macho. "Una uhakika gani?"

"Mtu yeyote aliyekaa na mpira kooni siku kumi na mbili, huku dawa zimeua bakteria wote wa mdomoni, kuvu itamwotea. Nafasi imeachwa wazi, nayo imejikalia. Ni mpangaji, daktari, si mwizi. Nimechukua pamba iliyofutiwa mdomoni mwake nikaotesha: ni ileile. Lakini kwenye kioo, seli nyeupe za kujilinda ni za kuhesabu. Mwili wake hata haujashtuka. Homa hii inatoka mahali pengine."

"Wapi?"

Bi Kuvu alisema kwa upole, lakini alisema. "Toka homa irudi mmeniletea makohozi tu. Damu hamjaniletea."

Daktari alizitazama tena karatasi. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Mrija wa dawa mliomwekea kwenye mshipa wa shingoni una siku ngapi?" Bi Kuvu aliendelea.

"Kumi na mbili. Na sijautoa kwa sababu dawa za kushikilia presha yake zinapita hapohapo, na damu yake siku hizi ni nyepesi, haigandi vizuri. Kuweka mwingine ni hatari. Siwezi kuung'oa kwa kubahatisha."

"Usibahatishe. Chukua damu ya mrija na damu ya mkono, dakika ileile, chupa mbili. Niletee mimi. Ile ya mrija ikiwahi kuotesha vijidudu kabla ya ile ya mkono kwa zaidi ya saa mbili, basi wamejaa kwenye mrija, na utakuwa umempata mchawi wako. Ila dawa ya kuvu, nakuomba, ngoja mpaka kesho jioni."

Hapo ndipo Mwalimu alipolipuka.

"Kesho jioni! Wewe wifi, una akili timamu? Mtoto wangu anaungua mle ndani, daktari anasema dawa hii hapa, na wewe unapanda kutoka huko kwenye vichupa vyako unasema asipewe? Unautetea huo uyoga wako?"

"Dada, namtetea shemeji."

"Usiniite dada!"

Korido nzima iligeuka. Mama mmoja aliyekuwa akisali kwenye benchi la pili aliacha sala katikati. Daktari aliinua mkono taratibu.

"Jamani. Uamuzi wa dawa ni wangu na nitaubeba. Lakini hatari ipo pande zote mbili, na siwezi kuendelea ndugu mkiwa mmegawanyika hivi bila kusikia kauli ya aliyesaini." Alimtazama fundi. "Mzee, wewe unasemaje?"

Fundi alimtazama dada, akamtazama mke. Upande huu dada aliyemlisha kwa mkono wake. Upande ule mke aliyesimama wima, karatasi zake zimeshachukuliwa, hana tena cha kushika.

"Nipe nusu saa," alisema. Kisha akamwambia mkewe, "Nionyeshe."

Maabara ilikuwa chini kabisa, baada ya chumba cha kufulia mashuka. Ilikuwa safi kuliko alivyoiwazia. Friji tatu zilikuwa zikinguruma, visahani vya plastiki vimepangwa kwa namba, na kulikuwa na harufu kama ya unga uliotiwa hamira. Fundi alitarajia kinyaa. Alichohisi ni njaa, na akaona ni kioja. Mkewe alimvalisha koti na glavu, akamkalisha mbele ya hadubini, akamwekea kioo.

"Funga jicho moja. Zungusha hapa polepole, kama unavyolegeza uzi wa cherehani."

Ukungu ukakaa sawa, na ghafla akaona. Vipande vipana vyenye kingo zisizo na mpangilio, kama vitambaa vilivyokatwa na mwanafunzi. Juu yake na pembeni yake, punje za zambarau, nyingine zimeshikana mojamoja kama shanga.

"Vile vipana ni ngozi ya ndani ya shavu," mkewe alisema nyuma ya bega lake. "Shanga ndiyo kuvu. Sasa tafuta vitu vya mviringo vyenye kiini kilichogawanyika. Hao ni askari wa damu."

Alitafuta. "Mmoja. Huyu hapa wa pili."

"Endelea kutafuta."

Hakupata wa tatu. Mkewe akatoa kioo, akafungua kisanduku cha mbao, akaweka kingine. "Hiki ni cha mgonjwa wa miaka mingi iliyopita. Kipande cha pafu lake. Kuvu ya aina nyingine, lakini tazama."

Fundi aliinama tena kutazama. Nyuzi. Nyuzi zimepenya nyama, zimetoka upande wa pili, zimegawanyika na kuingia tena, na kila mahali askari wamejazana, wengine wamepasuka. Mwili huo hata mtoto mdogo angejua kwamba ulikuwa vitani. Alikaa pale muda mrefu mpaka jicho likaanza kumtoa machozi.

"Ile ya kwanza," alisema hatimaye, "ni nyuzi zilizodondoka sakafuni. Unafagia, basi. Hii imeshonwa ndani ya nguo. Hii ukitaka kuitoa lazima ufumue."

Alipogeuka kumtazama mkewe, alimkuta ameshika tama, anamwangalia kama siku ile ya kwanza alipokuja kupimwa gauni.

"Miaka yote hii," alisema, "nimetafuta namna ya kuwaelezea madaktari jambo hilo kwa maneno mawili."

"Una uhakika na Kipaza?"

"Nina uhakika na nilichokiona. Ukitaka niape kwamba atapona, siapi. Naweza kukosea, baba watoto. Nikikosea nimemuua mtu aliyeniimbia siku ya harusi yangu." Alirudisha kioo kwenye kisanduku. "Lakini nikinyamaza ili wifi asinune, hapo nitakuwa nimekosea bila shaka yoyote."

Fundi alivua glavu, akapanda ngazi. Mbele ya dada yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitamka neno lile ambalo hakuwa amelizoea mdomoni.

"Hapana, dada. Tunangoja mpaka kesho jioni."

Mwalimu alimtazama kana kwamba amemwona mtu mwingine kavaa nguo za mdogo wake. Akachukua mkoba, akashuka ngazi bila kuaga.

Damu ikachukuliwa, chupa mbili, saa tano na dakika kumi za asubuhi. Fundi alirudi kwenye kibanda chake cha kushonea kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Alikuwa na suti ya bwana harusi. Akashona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akaushona tena palepale. Wateja walimtazama wakaondoka wenyewe.

Alasiri Mwalimu akamfuata pale. Hakuketi.

"Nimepita hospitali. Homa imefika thelathini na tisa na nusu. Umeridhika?"

"Sijaridhika, dada."

"Nilikuosha miguu mimi. Nilikufundisha a, e, i, o, u kwa mkaa ukutani. Leo mkeo anakwambia usimpe mdogo wako dawa, na wewe unaitikia." Macho yalimjaa maji, na fundi hakuwahi kumwona dada yake analia, hata siku ya msiba wa mama yao. "Akifa yule, usije na mkeo msibani."

Fundi aliacha cherehani. Angeweza kusema mengi. Aliona yote ni madogo. "Dada, mimi nimeona kwa macho yangu. Ungeshuka uone na wewe."

"Sishuki huko," alisema Mwalimu, akaondoka.

Bi Kuvu hakurudi nyumbani jioni hiyo. Alituma ujumbe kwamba anakesha na chupa zake. Alfajiri, fundi akiwa anachemsha chai asiyokuwa na hamu nayo, simu ikalia.

"Ya mrija imeota saa tatu usiku," mkewe alisema, sauti imekauka kwa uchovu. "Ya mkono imeota saa saba na robo. Saa nne na zaidi kati yake. Ni bakteria, yule anayekaa kwenye ngozi, amepanda kwenye mrija. Kuvu kwenye damu hakuna hata chembe. Daktari ameshakuja hapa mwenyewe, ameangalia na hadubini yangu. Wanautoa mrija asubuhi hii."

Fundi aliweka sufuria chini. Hakukumbuka kuzima jiko.

Mrija ukatolewa, mwingine ukawekwa upande wa pili kwa tahadhari kubwa, daktari mwenyewe akishika, na antibiotiki ya kumlenga bakteria yule, ambaye zile za mwanzo hazikumweza, ikaanzishwa. Siku hiyo homa haikushuka. Mwalimu alikaa kwenye benchi la korido, mgongo umenyooka, hamsemeshi mtu. Fundi alikaa kwenye benchi jingine. Kati yao palikuwa na hatua nne, na kila mmoja alizihesabu.

Kesho yake asubuhi, muuguzi alitoka na karatasi ya vipimo, akawapita, akarudi, kama mtu aliyekumbuka kitu. "Thelathini na saba na nusu," alisema, na meno yake yote yakaonekana.

Siku iliyofuata ikawa thelathini na sita na nane. Figo nazo zikaanza kupata nguvu. Kuvu haikupewa dawa yoyote. Wauguzi waliendelea tu kumsafisha mdomo asubuhi, mchana na jioni kama kawaida yao, na zile dawa nzito za mwanzo zikaachishwa. Siku ya kumi na tisa wakautoa mpira kooni mwa Kipaza.

Muuguzi alimwonya asiseme neno, koo bado ni bichi. Kipaza akawaangalia ndugu zake mmoja mmoja, dada, kaka, shemeji, wamesimama kwa mstari wamevalishwa magauni ya bluu na kofia. Midomo yake ikatikisika. Wote wakainama.

"Mmependeza," alinong'ona, sauti kama mfuko wa karatasi. "Bibi harusi yuko wapi?"

Mwalimu alicheka mpaka akalia, akalia mpaka ikabidi ashikwe. Aliyemshika alikuwa Bi Kuvu, na Mwalimu hakumsukuma.

Wiki moja baadaye, Mwalimu alishuka ngazi za maabara peke yake. Fundi alikuwa huko, amempelekea mkewe chakula cha mchana, na ndiyo maana aliyaona yaliyotokea. Mwalimu aligonga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo mahali popote.

"Wifi, nionyeshe na mimi."

Bi Kuvu akamvalisha koti, akamweka kwenye kiti, akamwonyesha kioo cha kwanza na cha pili, maneno yaleyale. Mwalimu alitazama kwa umakini wa mtu anayesahihisha mtihani. Aliuliza maswali saba. Akaona lebo moja imeandikwa vibaya, akaomba kalamu akairekebisha. Kisha akavua miwani, akaanza kuifuta, akaifuta zaidi ya ilivyohitaji.

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne," alisema bila kumwangalia mtu. "Kila mwaka niliwaambia wasicheke kitu wasichokijua. Wewe nimekucheka ishirini na miwili."

"Yamekwisha, wifi."

"Hayajakwisha. Niite dada, kama zamani."

"Yamekwisha, dada."

Fundi alijifanya anatafuta kifuniko cha bakuli.

Hospitali nayo ilikuwa na lake. Daktari yule, badala ya kulifukia jambo, alilisimamisha mbele ya wenzake. Akaomba Bi Kuvu azungumze kwenye kikao chao cha Jumatano, mbele ya madaktari wote. Kipaza aliruhusu habari zake zitumike, kwa sharti kwamba waseme alianguka jukwaani, si kitandani. Fundi aliposikia, alinunua kitambaa cheupe kizito, akampima mkewe upya kama mteja, mabega, kifua, urefu wa mkono, akakesha siku mbili kwenye koti. Mishono ya ndani aliifunika yote. Mfuko wa kushoto aliukata kwa kina cha kisanduku cha vioo, usiwe unamning'inia. Koti likakaa mabegani mwa mkewe kama limeota hapo.

Wakamruhusu fundi kuketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwanzoni sauti ya mkewe ilitetemeka. Alipoweka picha ya kwanza ukutani, ikaacha. Akawaeleza tofauti ya kuvu iliyokaa na kuvu iliyoshambulia. Akawaeleza kwamba ripoti ya "kuvu imeonekana" si amri ya dawa, ni mwanzo wa kuuliza. Akawaambia, bila kumtaja mtu, kwamba makohozi bila damu ni nusu ya habari. Kisha akasema, "Kuna mtu aliniambia hivi: hii ni nyuzi zilizodondoka sakafuni, na hii ni nyuzi zilizoshonwa ndani ya nguo. Sijapata maneno bora kuliko hayo." Fundi aliona vichwa vinainama na kalamu zinaandika. Madaktari, watu wazima na vyeo vyao, wanaandika. Mzee mmoja mwenye kipara pale mbele aliuliza swali gumu, na Bi Kuvu akajibu, "Hilo sijui. Nitalitafuta nikupe jibu wiki ijayo," kwa utulivu uleule aliojibia mengine yote. Fundi alijua kifua chake kimevimba, na hakujali nani anaona.

Kutoka hapo ikawa utaratibu: kila asubuhi daktari wa chumba cha mahututi anashuka maabara kabla ya kupita kwa wagonjwa. Nyumbani, tatizo likawa Mwalimu. Sasa alikuwa mtaalamu. Jirani mwenye muwasho wa vidole vya miguu alimwambia asihangaike, ni mpangaji tu huyo, na yule bwana akatembea na miguu imepasuka wiki mbili mpaka Bi Kuvu alipomkuta getini. "Dada," alimwambia baadaye, akijizuia kucheka, "wa vidoleni apakwe dawa." Mwalimu aliandika kwenye daftari.

Jumamosi moja, miezi mitano hivi baada ya Kipaza kurudi nyumbani, fundi alikuwa uani kwake anampima mteja mgeni suruali. Mkewe alikuwa kwenye ngazi ya jikoni anachambua mboga, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alisikiliza muda mrefu. Mikono yake ikasimama.

"Kipande cha pafu mmekitoa? ... Umeona nyuzi zinaingia ndani? Zinagawanyika? ... Askari?" Aliweka kisu chini. "Daktari, huyu usimngojee. Anza dawa sasa hivi, figo tutazichunga. Ndiyo, nasema sasa hivi. Nakuja."

Alisimama, akakung'uta majani magotini, akaingia ndani kuchukua koti.

Mteja aliyekuwa ameinua mikono ili kiuno kipimwe alimfuata kwa macho. "Mkeo ni daktari?"

"Hapana," alisema fundi. "Ni mtu wa maabara. Anapima makohozi, na damu, na kuvu. Kuvu hasa. Hapa mjini hakuna anayezijua kama yeye."

Aliyasema taratibu, neno kwa neno, na alipomaliza akaomba radhi kwa mteja, akaenda kulifungua geti ili mkewe apite.